Nyumba ya Vioo ya Taniboi

Mtu akikwambia wivu ni ugonjwa wa wanawake, mkalishe kitako umpe habari za Sugow, fundi makabati wa mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Wanaume wengine humwonea wivu jirani, au mwenye duka, au kijana fulani anayepita mlangoni mara nyingi kuliko anavyohitaji kupita. Sugow alimwonea wivu maiti. Tena si maiti ya mtu baki. Alikuwa Dekow, mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa lori, ambaye lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani njia ya kaskazini, kipindi kile cha vita ambapo magari yalisafiri kwa msafara na dereva akiaga nyumbani aliaga kweli. Walimzika hukohuko kando ya barabara, kisha msafara ukaendelea.

Alimwacha mjane, Raho. Desturi ya Wasomali katika jambo hili inajulikana, inaitwa dumaal: ndugu wa marehemu humwoa mjane ili nyumba isivunjike na mwanamke asirudi kwao mikono mitupu. Raho alipotoka eda wazee wakaja, chai ikanyweka, fatiha ikasomwa, na Sugow, ambaye mkewe mwenyewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, akahamia nyumbani kwa mdogo wake na mfuko wake wa zana begani. Akalalia kitanda ambacho yeye mwenyewe alikichonga kumpa Dekow siku ya harusi yake. Sasa hebu fikiri hapo, ulale juu ya zawadi yako.

Tangu utotoni watu walimwita Sugow "kaka yake Dekow", utadhani yeye hakupewa jina. Dekow ndiye aliyekuwa na maneno, na vicheko, na habari za Wajir na Mandera. Akisimamisha lori sokoni, hata wauza mbuzi waliwaacha wateja wakaenda kumsikiliza. Sugow alikuwa na mbao na vioo. Alitengeneza makabati ya maduka, yale ya kuwekea vitambaa na manukato, na hapakuwa na mtu mji mzima wa kumfikia kwa kazi. Lakini kabati halichekeshi mtu.

Basi aliamini kwa moyo wake wote kwamba wazee walimsukumia Raho ndoa hii, na yeye ameikubali shingo upande. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ni yeye tu aliyejiambia, akajijibu, akakubaliana na jibu lake. Kumwuliza mwanamke mwenyewe hakuweza, maana Sugow si mtu wa kuuliza. Jioni, kafyu ikishaanza na milango ikishafungwa, alikaa pembeni ameelekea ukutani kama mgeni anayesubiri ruhusa ya kuondoka, akinywa chai bila kusema neno, na Raho naye kimya upande wake.

Na katikati yao alikuwepo Taniboi.

Taniboi alikuwa kinyonga. Dekow alimtoa Banissa katika mojawapo ya safari zake za mwisho. Alimkuta kwenye kichaka, akamweka kwenye fremu ya kioo cha pembeni cha lori, na mnyama yule akashikilia hapo mpaka Garissa, jicho moja likitazama mbele na la pili likitazama nyuma, kazi iliyomshinda taniboi wake wa kweli, yule utingo wa lori. Ndipo akampa jina hilo. Mtaa mzima ulimwogopa. Wanawake wakija kwa Raho walikaa karibu na mlango wakijikusanyia shali zao, na Mama Saado, mama yao Sugow na Dekow, kila akimwona alitaka kwanza kinga ya Mungu dhidi ya shetani ndipo amsalimie mkwewe. Lakini Raho hakumtoa. Alimwachia achezee kamba ya chandarua, akamshikia panzi, akamnyunyizia maji kwenye majani ya mhina, kwa sababu kinyonga hajui kunywa kwenye bakuli, yeye hulamba matone.

Sugow alizoea kuyatazama matone yale kwa jicho baya. Yeye aliletewa chai kwenye kikombe kama wanaume wote.

Jioni moja Raho alimwita kwa jina lake, jambo ambalo si la kila siku.

"Sugow."

"Naam."

"Unaweza kunijengea nyumba ya vioo?"

"Ya nani?"

"Ya Taniboi. Paka wa jirani leo amemkosa kidogo tu. Nataka ndani awe na tawi lake, nimwone yuko wapi. Pande zote vioo, ila juu uweke wavu. Kwa joto hili letu, akikosa hewa atapikika."

Sugow aliweka kikombe chini. "Vioo havipatikani. Vinakuja na msafara, na msafara sasa unaleta unga na mafuta ya taa tu."

"Unavyo vile vya lile duka lililofungwa. Umevifunga magunia, umeviegemeza nyuma ya mlango wa karakana."

Hakujua kama Raho amewahi kuingia karakana yake, sembuse kuhesabu magunia yake. Akasema sawa, atatazama. Moyoni alisema maneno mengine kabisa. Mume mzima, fundi anayeheshimika, anaombwa kumjengea nyumba kinyonga wa mume aliyetangulia. Ukimwambia mtu akuonyeshe nafasi yako ndani ya nyumba, atakuonyeshaje kwa uwazi zaidi ya hapo?

Hata hivyo alianza. Fundi ni fundi, ukimtajia kipimo mikono yake inaanza kabla roho haijakubali. Kwa kuwa kafyu ilimzuia kurudi karakana baada ya kula, alileta kazi nyumbani, akatandika gunia sebuleni, akalaza kioo juu yake. Raho akashika taa.

Siku ya kwanza Sugow hakusema kitu. Siku ya pili Raho akamwuliza kwa nini anapaka mafuta ya taa pale anapotaka kukata. Akajibu kwa neno moja. Raho akamwulizia almasi yake ya kukatia kioo, ndogo hivyo, inawezaje. Ndipo Sugow akajisahau. Akamweleza kwamba kioo hakikatwi kwa nguvu, kinakwaruzwa mara moja tu na kusikilizwa. Mkwaruzo mzuri unalia kama kitambaa kinachopasuka, na ule mbaya unalia kama mchanga kwenye meno, na ukisikia mchanga usirudie, maana kioo kitakupasukia mkononi. Raho akataka kujaribu. Sugow akamshika mkono, akamwongoza, kioo kikalia kama kitambaa na kipande kikakatika mstari mmoja. Raho akakiinua mbele ya taa akakitazama kama ni yeye amekizaa. Sugow akacheka. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Zikapita jioni za namna hiyo. Chai ikaanza kuja na iliki. Sugow akawa anarudi mapema kuliko kafyu ilivyomlazimu, na njiani anafikiria la kumweleza leo, habari za gundi au za mbao za mkwaju. Ungemkuta wakati ule ungesema mtu huyu ana furaha, na ungesema kweli.

Kisha akaiharibu. Wivu hauhitaji sababu kubwa, unaokota chochote. Jioni ile fremu ilikuwa imesimama, vioo vya pande zote vimeshika, kumebaki juu tu. Raho akaenda kwenye chandarua, akamchukua Taniboi kwenye kidole, akamleta aione nyumba yake. Kinyonga akageuza jicho moja kwenye kioo na jingine kwa Sugow, kwa dharau, au ndivyo Sugow alivyoona. Raho akacheka.

Kicheko kile Sugow alikijua. Miaka yote, kila alipokuja kumtembelea mdogo wake, alikisikia kabla hajafika mlangoni, akasimama nje kidogo ili kisikatike. Tangu Dekow afariki hakukisikia tena. Na sasa kimerudi, kimerudi kwa ajili ya kinyonga.

"Dekow angekuwepo angemcheka huyu," Raho akasema, macho yake yaking'aa.

Basi. Kijiba cha roho kikampanda Sugow. Jioni zote zile, almasi, mafuta ya taa, iliki, akaziona zote zimekuwa za Dekow. Yeye alikuwa amealikwa tu kushikilia kioo.

Wavu alikuwa nao. Alishaukata kutoka kwenye kabati bovu la kuhifadhia nyama, akaupima, akaunyoosha kingo. Kesho yake aliibeba fremu mpaka karakana, na akiwa peke yake humo aliuchukua wavu, akautazama, akauweka kando. Akachukua kioo. Akajisemea: aliomba nyumba ya vioo, nampa nyumba ya vioo. Akajisemea tena: mnyama wa porini amezoea jua. Akajisemea na la tatu, ambalo halifai hata kulirudia. Na uongo wote huu alijisemea huku mikono yake ikifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kioo cha juu kiliingia mahali pake bila kubisha. Akapitisha puti kila kiungo, ule udongo laini wa kushikia vioo, akalainisha kwa kidole gumba. Mlango wa mbele ulikuwa wa kusukuma, unateleza kwenye mfereji wake, na ukiufunga unywele haupiti. Sisi tunaojua habari za kazi tungesema mashallah. Ilikuwa kaburi.

Aliileta jioni. Raho akaizunguka na taa.

"Wavu uko wapi?"

"Wavu una matundu makubwa. Siafu wangeingia wammalize usiku. Nimeacha nafasi ya hewa nyuma, huku chini."

"Wewe ndiye fundi," Raho akasema, na hakutazama nyuma.

Akaiweka mezani karibu na dirisha la mashariki, ili aione akiwa kitandani. Akapanga tawi la mhina, akanyunyiza maji, akamwingiza Taniboi, akasukuma mlango. Kinyonga akapanda tawi kwa ule mwendo wake wa kusitasita, akakunja mkia. Usiku una ubaridi wake, hakuna kitakachomdhuru usiku. Sugow alilijua hilo. Alijua pia mchana wa Garissa mwezi huo unavyokuwa. Aliwahi kuona samli ikiyeyuka kama maji ndani ya kabati la kioo dukani, na kabati lile lilikuwa na nafasi ya hewa.

Aliamka kabla ya adhana. Alimwona Taniboi amelala juu ya tawi, amekuwa mweupe kama kinyonga anavyokuwa usingizini, mdogo, vidole vimeshika kijiti kama mtoto anayeshika kidole cha mtu. Na hapo roho ikamsuta. Nataka nimtendee haki Sugow, ilimsuta kweli. Akanyoosha mkono akaushika mlango wa kioo ausukume.

Nyuma yake Raho akasema kwa sauti ya usingizi, "Umeamka kumtazama? Hata marehemu hakuwa akimwamkia hivyo."

Mtu mwingine angesikia kwamba amesifiwa. Sugow alisikia neno moja tu, marehemu. Hata alfajiri, hata kabla mtu hajaswali. Akauachia mlango, akachukua birika la udhu, akatoka.

Aliporudi kutoka msikitini jua lilikuwa linachomoza na magari ya askari yameshauzunguka mtaa. Ilikuwa siku ya msako. Kipaza sauti kilitangaza kwa Kiswahili kwamba kila mtu atoke na kipande chake cha kitambulisho, milango na madirisha yaachwe wazi nyumba zipekuliwe, kila nyumba ikae pamoja kiwanjani ihesabiwe. Raho alikuwa ameshajifunga shali mlangoni. Askari akamwelekeza Sugow afungue dirisha. Akaingia, akalifungua dirisha la mashariki kwa mkono wake mwenyewe, na jua likaingia likatua juu ya vioo. Akageukia meza.

"Wewe, toka," askari akasema, akagonga mwimo wa mlango na bunduki.

Akatoka.

Walikalishwa kiwanjani chini ya jua, mtaa mzima, kila familia duara lake. Mama Saado alikuwa upande wa pili na dada yake. Askari walipita na vipande, wakauliza, wakaondoka, wakarudi wakauliza yaleyale. Watu walishazoea, walijifunika na kusubiri. Sugow hakuweza kusubiri. Kila jua lilivyopanda aliliona si hapa lilipo, aliliona dirishani. Sasa limefika kwenye tawi. Sasa maji ya kwenye majani yamekauka. Sasa vioo vimeanza kuwa vya moto.

Mwishowe akainuka. Unajua mtu kuinuka katikati ya msako maana yake nini. Askari wawili wakamjia, na yeye akasimama na mikono juu.

"Bwana, naomba niende nyumbani dakika moja. Nina mnyama ndani."

"Mnyama gani? Ng'ombe?"

"Kinyonga."

Mmoja akarudi nyuma hatua nzima, kwao pia kinyonga haguswi. Wa pili akacheka mpaka akawaita wenzake waje wasikie. Wakamwuliza kama kinyonga huyo ana kipande. Wakamwambia akae chini kabla hajapigwa, na Sugow, mtu asiyezoea kutazamwa, akakaa mbele ya mtaa mzima huku watu wakimcheka chini ya shali zao.

Raho hakucheka. Alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Umesimama mbele ya bunduki," akasema polepole, "kwa ajili ya Taniboi wangu."

Sugow akatazama mchanga.

Raho akamsogelea, akaivuta shali yake, akamfunika nusu kichwani, wakawa wawili ndani ya kivuli kimoja. Na ndani ya kivuli hicho akaanza kusema. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo muda mrefu akapata pa kuutua.

"Hujawahi kuniuliza," akasema. "Nimengoja uniulize, nikaona hutauliza. Unadhani walinileta kwako kama mbuzi. Wazee walikuja na majina mawili, wewe na binamu yenu Rage. Rage na ngamia wake wote. Nikawaambia Sugow. Mama Saado akaniuliza tena, akidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia Sugow."

"Kwa nini?" Ilitoka kama kikohozi.

"Kile kitanda. Miaka yote niliyokilalia hakijalia hata mara moja. Nilikuwa najiambia, mtu aliyekitengeneza hiki hakumharakisha mtu wala hakumdanganya." Akaivuta shali tena. "Dekow alikuwa mtu wa furaha, Mungu amrehemu, nilimpenda. Lakini ukiwa naye ulikuwa ukimsikiliza tu. Hakuwahi kunifundisha kukata kioo."

Sugow akainua pembe ya shali, akatazama jua lilipofika.

"Na huyo kinyonga," Raho akaendelea, sasa akitabasamu, "mimi mwenyewe sikumtaka. Siku alipoletwa nilimpigia Dekow kelele mtaa mzima ukasikia. Nikamzoea. Lakini nyumba ya vioo sikuiomba kwa ajili yake. Angeweza kukaa kwenye chandarua, paka ningemfukuza. Niliona unakaa kila jioni umeutazama ukuta, nikasema mtu huyu nikimpa kazi mkononi ndani ya nyumba yangu, huenda akafungua mdomo. Na ukafungua. Mpaka mbao za mkwaju nimezijua."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile, chenyewe, kile ambacho Sugow alisimama nje ya mlango miaka yote akikisikiliza. Kilikuwa chake. Alikuwa amekaa ndani yake na shali kichwani, na alijua kwamba saa hiyohiyo, kule dirishani, kinyonga anatanua mdomo kutafuta hewa.

Angeweza kusema. Alikuwa na mchana mzima wa kusema. Mara mbili alifungua mdomo, na mara zote mbili Raho alimtazama kwa uso ule mpya, akaufunga, kwa sababu hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote na alitaka kutazamwa kidogo zaidi. Raho akadhani ni haya. Akampenda zaidi kwa haya zile, akamshika mkono chini ya shali, mbele za watu wote, na akaendelea kumweleza mambo yake: jinsi alivyomsikia akiswali usiku, jinsi alivyokwenda karakana siku ambayo hayupo ili kunusa mbao tu. Yote alimwambia. Hakubakisha hata la kesho.

Waliachiwa wakati wa alasiri. Raho alitangulia, anatembea upesi, anasema watampa Taniboi maji na wao watakunywa chai kubwa. Sugow alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa.

Taniboi alikuwa chini ya tawi, mgongo juu ya kioo, mdomo wazi. Amekuwa mweusi upande mmoja, na upande wa pili hana rangi yoyote ambayo mtu angeweza kuitaja. Raho akausukuma mlango, na joto lililotoka humo likamfanya ageuze uso. Akamtoa, akamlaza kwenye kiganja, akambinya kidogo kifuani kwa kidole. Hakutikisika, na Raho hakulia.

"Wasingetuzuia," Sugow akaanza. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. "Kama wangeniruhusu ile dakika moja."

"Ni kweli," Raho akasema. "Uliwaomba. Si kosa lako."

Hapo ndipo angenyamaza akaponea. Lakini Raho, bado na kinyonga kiganjani, alipeleka mkono wa pili nyuma ya nyumba ile, huku chini, hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kujua ni nafasi kiasi gani iliyoshindwa kumpa mnyama hewa. Kidole kikapita kwenye puti. Kikaenda mpaka pembeni, kikapanda, kikazunguka juu, kikashuka upande wa pili. Kila mahali palikuwa laini.

"Nafasi iko wapi?"

Sugow akakitazama kidole kile.

"Sugow. Ulisahau?"

Alimpa mlango wazi, unaona? Alimwuliza kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo. Neno moja tu, na wangekunywa chai yao. Lakini kuna mambo mtu hawezi kuyasema juu ya kazi ya mikono yake, na pengine pia alikuwa amechoka kudanganya tangu jana.

"Sikusahau."

Raho akakaa kitandani. "Ulimchukia hivyo?"

"Nilimwonea wivu."

"Kinyonga?"

"Dekow."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelewa jambo na hataki kulielewa. Akamlaza Taniboi juu ya mto, akanyoosha shali yake.

"Ulijua tangu lini kwamba atakufa leo?"

"Tangu jua lilipochomoza."

"Kwa hiyo pale kiwanjani. Mchana kutwa nilipokuwa nakwambia mambo yangu, nimekufunika na shali yangu. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Kinyonga ningekusamehe," Raho akasema. "Wallahi, Sugow, ningekusamehe kabla jua halijazama, ningesema ni wivu, na wivu ni mapenzi yaliyochacha. Lakini uliniacha niseme. Ulikaa ukaninywa maneno yote, na wewe unajua."

Sugow alisimama katikati ya chumba mikono imening'inia, mikono ile inayosifiwa mji mzima.

Kabla ya kafyu Raho alikuwa ameshachukua nguo zake na kuhamia kwa Mama Saado. Msafara wa kwanza wa kaskazini ulipoondoka alikuwemo, anakwenda kwa wazazi wake Banissa, na wazee walipomwendea Sugow kutaka kujua kulikoni, kama kumpiga amempiga au vipi, aliwaambia mwanamke hana kosa, anampa talaka yake kwa heshima. Hakusema zaidi. Watu wa Waberi wakasema basi, hawakupendana hata siku moja, ndoa za kusukumwa ndivyo zilivyo.

Anaendelea kutengeneza makabati. Dekow hamwonei wivu tena, amemsamehe kila kitu, akitajwa humwombea rehema kama kaka yeyote. Anayemnyima usingizi sasa ni mwanamume mwingine, yule aliyekaa kiwanjani siku ya msako chini ya nusu ya shali, aliyechaguliwa akaachwa mwenye ngamia, aliyeshikwa mkono mbele ya mtaa mzima na kuchekewa kicheko kile. Mtu yule, Sugow anamchukia. Alikuwa na kila kitu, mchana kutwa, na alichotakiwa kufanya ni kusema tu.